Chupa Tatu za Lehemu

12 Machi 1984

Masika yameanza leo saa tisa alasiri, yamechelewa siku sita kuliko mwaka jana. Nina orodha ya mvua tangu tulipoletwa hapa kambini Nakivale, Uganda, kwa hiyo sibahatishi. Matone mazito kwa dakika arobaini, kisha jua.

Wateja kutoka Rwekubo walijikinga chini ya upenu wa mtambo ambao mwanangu Anaklet hupikia waragi, pombe kali ya huku. Mmoja wao, mwuza chumvi, alionja waragi akasema siku hizi ina utamu, haikwaruzi koo. Anaklet akaninyooshea kidole. "Sifa ni za Papa. Ni yeye alileta rejeta."

Ni kweli. Bomba letu la shaba lilipasuka Desemba. Nikaenda Mbarara kwa Umaru, mwuza vyuma chakavu, nikachagua rejeta ya lori la jeshi lililoachwa na vita. Mvuke unaingia juu, unapoa, waragi inatoka chini. Anaklet alipoiona imejaa lehemu kwenye maungio, aliniuliza kama ile lehemu haitaharibu pombe. Nilimjibu kama nilivyojibu madarasa kumi na moja ya wanafunzi: lehemu ni risasi na bati, na risasi haiguswi na pombe katika joto la kawaida la chumba. Sodiamu huguswa. Nilimwambia jinsi padre mmoja, shuleni kwetu Astrida, alivyotumbukiza kipande cha sodiamu ndani ya maji kikakimbia kama panya na kuwaka, kisha akatumbukiza kingine ndani ya pombe safi, nacho kikazama taratibu, kikatoa mapovu kama mtu anayezungumza na nafsi yake. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilitunga swali hilo mara sita katika mitihani ya shule niliyofundisha Bukavu, Kongo: taja metali inayoingiliana na pombe katika joto la chumba.

Anaklet alizaliwa Bukavu. Mama yake alikufa, sisi tukavuka mpaka mwingine, lakini Kiswahili cha kule kilibaki lugha ya nyumba hii. Kwa hiyo daftari hili nalo ni la Kiswahili.

14 Machi

Mvua, dakika kumi. Nimepanda maharage.

19 Machi

Anaklet ana maumivu ya tumbo. Anasema ni kama kamba inafungwa na kufunguliwa. Hakupika.

22 Machi

Siku ya tano bila kwenda chooni. Nimempa mafuta ya nyonyo. Hayakusaidia.

26 Machi

Mvua kubwa. Maji ya ziwa yamefika kwenye mafunjo.

Anaklet amepauka. Nilimvuta kope la chini nikaona wekundu umekwisha. Nilidhani ni minyoo, kisha malaria. Mganga msaidizi wa zahanati alimpa vidonge vya malaria. Alivitapika.

29 Machi

Leo Verediana, mke wa Anaklet, amemtupia mtu lawama. Alikuwa anapepeta mtama, hakuinua kichwa.

"Papa, tumbo ya namna hii si ya Mungu. Kuna mutu alimupa kitu."

"Nani?"

"Wewe unajua tonto inatoka kwa nani."

Tonto, pombe ya ndizi tunayoipika kupata waragi, inatoka kwa Mukamusoni. Ni mjane, anaishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, naye alipitia Kongo kama sisi. Ana mitungi minne na ulimi mkali. Nilimwambia Verediana kwamba mwanamke yule hajawahi kutoa kikombe bila kukionja kwanza. Hiyo ndiyo desturi yetu tuliyotoka nayo nyumbani. Anayetoa kinywaji hunywa kwanza, mgeni akione kinashuka kooni, ndipo apokee. Anaklet pia hufanya hivyo. Hakuna mteja aliyewahi kupokea waragi yake kabla yeye hajapiga funda.

"Mchawi anaonja pia," Verediana akasema. "Anakuwa amekula dawa ya kujikinga mbele."

Nikachukua jembe nikaenda kwenye maharage. Nilipaswa kumjibu.

2 Aprili

Ninaandika hili kwa sababu nimejiwekea sharti la kuandika yote.

Mukamusoni alikuja na uji wa mtama ndani ya kibuyu. Alikaa mlangoni, akapiga funda refu, akaufuta mdomo wa kibuyu kwa kiganja, akanipa. "Mpe mgonjwa ukiwa moto, Mwalimu. Nimetia iliki kidogo niliyonunua kwa Waislamu wa mjini."

Nikashukuru. Nikazunguka nyuma ya nyumba nikaumwaga penye migomba.

Mimi, niliyesoma Kilatini. Niliyewaambia watu miaka ishirini kwamba ugonjwa una sababu inayoweza kupimwa. Mkono wangu ulimwaga kabla akili haijasema neno. Nilipogeuka, alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba. Alikuwa amefuata kibuyu chake. Alikichukua mkononi mwangu akaondoka.

3 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Maumivu.

5 Aprili

Kikombe kimemponyoka Anaklet. Nilidhani ni udhaifu. Nikamwomba anyooshe mikono mbele, viganja chini. Mkono wa kushoto ulinyooka. Wa kulia ulinyooka mpaka kwenye kifundo, na kuanzia hapo ukaning'inia kama jani lililochemshwa. Akajaribu kuuinua, jasho likamtoka usoni.

"Papa, mukono unakataa. Ninauambia, unakataa."

"Unauma?"

"Hapana. Ingekuwa unauma ningefurahi."

Ana miaka thelathini na mitatu. Hana shamba la maana, hana ng'ombe. Alicho nacho ni mikono.

8 Aprili

Jumapili. Nilimwosha kinywa kwa maji ya chumvi. Kwenye ufizi, pale unapokutana na meno, kuna mstari mwembamba wa rangi kama ya wino uliofifia, bluu inayoelekea kijivu. Hautoki kwa kusugua. Sijui ni nini. Ninaandika tu kwamba upo.

9 Aprili

Nilikwenda kuteka maji nikamkuta Mukamusoni kisimani. Wanawake wengine walikuwa wamesogeza mitungi yao mbali na wake, kama hatua nne. Nilijaribu kupita.

"Mwalimu, simama. Mimi si ukoma."

Nikasimama.

"Mimi ninaonja tonto yangu kila siku, mara kumi, mara kumi na tano. Mwana wako anaonja waragi yake. Mimi naumwa wapi?" Akajipigapiga tumbo. "Kati ya mtungi wangu na kikombe chake kuna chombo kimoja tu, na si mimi niliyekileta."

"Risasi haiguswi na pombe, mama."

"Sikuuliza risasi. Nimesema chombo."

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Hasira yangu ilichukua muda wa kupika chai, kisha ikaisha, na kilichobaki ni neno lake. Nilitafuta chupa tatu za dawa, nikazichemsha. Nikakwangua lehemu kutoka kwenye ubavu wa rejeta, nikagawa vipande vitatu sawasawa, nikavisugua kwa mchanga hadi vikang'aa.

Chupa ya kwanza: spiriti safi ya zahanati, ile ya kufutia ngozi kabla ya sindano.
Chupa ya pili: waragi yetu.
Chupa ya tatu: tonto iliyolala siku tano, iliyochujwa kwa kitambaa.

Nimetia kipande kimoja cha lehemu katika kila chupa, nikaziweka dirishani kwa joto la chumba, kama kitabu kinavyosema.

10 Aprili

Zote tatu: hakuna kitu.

11 Aprili

Hakuna kitu. Mvua. Nilijikuta nikifurahi kwamba hakuna kitu, na furaha hiyo sikuipenda.

12 Aprili

Kwanza: lehemu inang'aa. Pili: imepoteza mng'ao, labda ni macho yangu. Tatu: kuna utando.

Mkono wa kushoto wa Anaklet umeanza kuning'inia.

14 Aprili

Kwanza: inang'aa kama siku niliyoitia. Pili: imefifia, si macho. Tatu: ukoko mweupe umeizunguka lehemu, na tonto inanuka siki.

17 Aprili

Nimepata jibu, na ninaliandika polepole.

Kitabu changu cha kemia kilipoteza jalada kwenye njia ya kutoka Bukavu, na kurasa za mwisho ziliwashiwa moto na mtu tuliyelala naye ghala moja. Ukurasa wa metali na pombe ninaujua kwa moyo. Leo niliusoma wa siki, ambao sikuwahi kuufundisha kwa sababu haukuwa kwenye mtihani. Unasema hivi: risasi, ikipata hewa na asidi ya siki, huyeyuka polepole na kuzaa chumvi. Chumvi hiyo wazee wa kemia waliiita sukari ya risasi, kwa kuwa ni tamu. Ni sumu.

Ni tamu.

Mwuza chumvi alisema ina utamu. Nami nilisimama pale nikapokea sifa.

Swali langu lilikuwa sahihi na jibu langu lilikuwa sahihi. Risasi haiingiliani na pombe katika joto la chumba, na chupa ya kwanza inashuhudia mpaka sasa. Lakini hakuna mtu Nakivale anayekunywa pombe ya kitabuni. Tonto ikikaa inachacha, ikipikwa mvuke wake unabeba siki, siki inapita katika lehemu nzima ya rejeta ikiwa moto, na wa kwanza kunywa, kila mara, kwa kila mteja, kwa heshima, ni mwanangu. Desturi ya kumkinga mgeni na sumu ndiyo imempa sumu mwenyeji.

Mukamusoni alilijua hili bila kitabu.

Nitawaambia kesho.

18 Aprili

Sikuwaambia.

Nilimkuta Verediana akimpa mgonjwa waragi kwa kijiko ili kutuliza tumbo. Nikasema, "Msimpe, haifai kwa tumbo." Akauliza kwa nini, mbona imemtuliza wiki zote. Nikasema haifai. Hilo tu.

19 Aprili

Sikuwaambia. Nimejipa sababu tatu. Kwanza, mtambo hauna leseni, na polisi wakisikia neno sumu watamchukua mgonjwa kitandani. Pili, sina uthibitisho, nina chupa za dirishani tu. Ya tatu sitaki kuiandika, kwa hiyo ndiyo ya kweli: wananiita Mwalimu.

20 Aprili

Ijumaa Kuu. Mvua ndogo. Nilipotoka kusali nilikuta kijiko karibu na kitanda na midomo ya Anaklet inanuka. Nilichukua dumu lote la waragi, lita ishirini, nikalimwaga kwenye mfereji wa mvua. Verediana alinifuata akipiga mikono.

"Papa, unamwaga nguvu ya nyumba. Tutauza nini?"

"Imeharibika."

"Nani ameiharibu?"

Mtu anawezaje kupewa mlango ulio wazi namna hiyo akasimama nje? Nilisema sijui. Usoni mwake nikaona jina la Mukamusoni linakaa vizuri zaidi pale nilipoliacha.

22 Aprili

Pasaka. Baada ya misa wanaume walikaa pembeni ya kanisa. Kaka yake Verediana alisema kwamba ikiwa Anaklet hatainuka kufikia Jumatano, mwanamke yule ahame na mitungi yake. Naboth, karani wa ofisi ya kambi, mwenyeji wa Isingiro, alisema kwa upole wake, "Mimi sitaki kesi ya uchawi mezani kwangu. Mimi iko na karatasi mingi." Wakacheka. Walinigeukia. Nikasema tungoje, nitakwenda Mbarara kuleta jibu la hospitali. Walinong'ona kwamba mzee anasumbuliwa na uchungu.

Ningeweza kusema pale pale. Nilitaka kusema nikiwa na karatasi yenye muhuri mkononi, ili aibu yangu angalau iwe na elimu.

Nilichemsha chupa nne za waragi nilizokuwa nimezificha kwa ajili ya kipimo, mpaka zikabaki vijiko viwili, sumu ikolee. Nimeitia kwenye kichupa. Hicho na zile chupa tatu za dirishani ndio mzigo wangu.

24 Aprili

Ruharo, Mbarara, Jumanne jioni. Ninaandika kwenye benchi la hospitali.

Jana nilitembea hadi Rwekubo, nikapata nafasi juu ya ndizi za lori lililokuwa likienda mjini. Kabla ya kuingia Mbarara kuna kizuizi. Wanajeshi walitushusha. Mmoja, kijana mwenye macho ya usingizi, alitoa chupa zangu moja moja akazipanga juu ya jiwe.

"Wewe mzee, natoka wapi?"

"Nakivale, afande."

"Mnyarwanda. Hii nini?" Alinusa ya kwanza akaiweka mfukoni. Alinusa ya tatu akatema mate. Alinusa ya pili akatabasamu. "Hii waragi. Nabebea nani?"

"Ni waragi, afande, lakini ni sumu."

Wenzake wakacheka. "Wazee ya Nakivale yote professor," mmoja akasema. "Anataka kunywa yeye peke yake."

Yule kijana akanisukumia chupa kifuani. "Sawa. Kunywa wewe kwanza."

Nilitazama chupa. Lehemu ilikuwa chini yake, imefifia. Nilijua kwamba funda moja halitaniua. Nikinywa wangeniamini, wangeniachia nipite, na yeye angemaliza iliyobaki mbele yangu na kuisifu kwamba ni tamu. Maisha yangu yote nimeona watu wakionja kwanza, na sikuwa nimefikiri kwamba kuonja kunaweza kuwa uongo.

"Sinywi," nikasema. "Mwanangu amekunywa hii miezi mitatu na mikono yake imekufa. Chombo kilichoitia sumu nilikileta mimi. Nilimwambia hakina neno."

Ndiyo mara ya kwanza nimeisema kwa sauti. Niliisema mbele ya mtu aliyenielekezea bunduki tumboni, si mbele ya mwanangu.

Kijana akaninyang'anya ile chupa. Kisha akaimwaga chupa ardhini, lehemu ikaangukia tope, akaikanyaga. "Mzee mbaya wewe," akasema, bila hasira. Walinikalisha kando ya barabara pamoja na wengine wasio na kipande cha utambulisho mpaka leo asubuhi. Mvua ilitupiga. Niliikumbatia chupa ya tatu na kile kichupa chini ya koti.

Hapa hospitalini nilielekezwa kwa Norah, mama wa chumba cha dawa. Alinisikiliza akiwa anahesabu vidonge, kisha akaacha kuhesabu.

"Ufizi wake, Muzee, uliuangalia?"

Nilifungua daftari hili nikamsomea ya tarehe nane. Alikwenda akarudi na daktari, naye akanifanya nisome tena. Norah alitia matone ya chumvi ya aidini, ambayo hugeuka manjano ikikuta risasi, kwenye bomba la kioo, akaongeza tonto ya chupa ya tatu. Ikawa manjano papo hapo, manjano nzito kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Akajaribu kichupa cha waragi. Manjano tena, hafifu, lakini ilizama chini ikakaa.

Ni rangi nzuri sana. Katika maisha mengine ningeita darasa zima lije kuiona.

Daktari alisema: asinywe tena hata tone, apewe maziwa, aletwe hapa akiweza kusafiri. Mikono huenda ikarudi, polepole, miezi au mwaka. Huenda isirudi yote. Nimeandikiwa karatasi, na ina muhuri.

25 Aprili

Jumatano. Hakuna gari. Barabara ya Kaberebere imekatwa na maji. Nimetembea hadi miguu ikakataa. Nimelala kwa msamaria.

26 Aprili

Nilifika saa saba mchana. Kutoka mbali nilihesabu mapaa, kama ninavyohesabu kila ninaporudi, nikapata moja pungufu.

Nyumba ya Mukamusoni hawakuichoma. Mvua haikuruhusu. Waliibomoa kwa majembe, wakavunja mitungi yote minne. Vigae vilikuwa njiani, na tonto imelowesha tope likanuka kama sherehe. Aliondoka jana mchana na godoro kichwani. Hakuna aliyejua alikokwenda, au hakuna aliyeniambia.

Verediana alinipokea mlangoni akiwa na uso niliousahau, uso wa furaha. "Papa, ingia uone."

Anaklet alikuwa ameketi. Alikuwa anakula viazi, mkewe akimlisha. Tumbo lilikuwa limelegea, macho yamepata uhai.

"Tulimufukuza jana," Verediana akasema, "na jana ile ile akaomba chakula."

Nikakaa chini penye kizingiti. Dumu nililimwaga Ijumaa. Siku tano bila waragi, mwili ukaanza kujitafuta. Mwanangu anapona, na kupona kwake ndiko ushahidi wao.

27 Aprili

Niliwaita watu kanisani baada ya rozari. Walikuja wengi, wakidhani nataka kushukuru.

Nilionyesha chupa ya tatu. Nilionyesha karatasi ya muhuri. Nilieleza kuhusu lehemu, siki, chumvi tamu. Walisikiliza kwa adabu, kama wanavyosikiliza barua ya maaskofu. Kisha kaka yake Verediana akasimama.

"Mwalimu, tunakuheshimu. Lakini kama ni rejeta, mbona amepona siku tuliyomfukuza yule mwanamke?"

Sauti zikaitikia. Mtu nyuma alisema mzee naye sasa ni mchawi, anatetea mwenzake. Naboth alitazama saa yake.

Karatasi ya muhuri haikunisaidia kitu. Niliikunja. Kisha nikatoa daftari hili, kwa sababu lina tarehe.

Niliwasomea tangu Machi. Mwuza chumvi alikuwepo, alipojisikia akisifu utamu aliinamisha kichwa. Nilisoma uji wa tarehe mbili na mahali nilipoumwaga. Nilisoma kisima. Nilisoma tarehe kumi na saba, "nitawaambia kesho," na kumi na nane, "sikuwaambia," na kumi na tisa, na sababu zangu tatu. Niliposoma ya Ijumaa Kuu, dumu na mfereji na swali la Verediana, "Nani ameiharibu?", na jibu langu, nilirudia mstari ili wote wasikie.

"Hesabuni wenyewe," nikasema. "Mliona anapona baada ya kumfukuza. Alianza kupona baada ya mimi kumwaga. Ningesema siku ile, nyumba yake ingekuwa imesimama."

Waliondoka mmoja mmoja. Wengine hawakuamini, niliona kwa migongo yao. Mwuza chumvi alibaki akashika tumbo lake taratibu, kama mtu anayejaribu kukumbuka.

Anaklet nilimkuta ameegemea ukuta. Walikwisha kumpa habari.

"Papa," akasema, "mi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Mara moja tu. Ningeuliza mara mbili."

28 Aprili

Nimekata rejeta kwa tindo, nimezika vipande mbali na kisima. Mvua.

30 Aprili

Namtafuta Mukamusoni. Rwekubo: hayupo.

3 Mei

Naboth amesema kwa siri kwamba alimwona mwanamke na godoro upande wa Kaberebere. Hakusema kwa nini alikaa na habari hiyo siku nane. Sina haki ya kumwuliza.

5 Mei

Kaberebere. Yupo.

Anauza juisi ya ndizi pembeni ya barabara, kwenye kivuli cha kibanda cha fundi baiskeli. Ana mtungi mmoja mpya na kikombe kimoja cha plastiki. Amekonda. Aliniona nikija tangu mbali na hakuacha kazi yake.

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Sikuliruka la uji. Wateja wawili walisikia, akawaacha wasikie. Nilimwambia kwamba tutamjengea nyumba, mimi na wachache walioniamini, wanne kwa hesabu ya jana. Nilimwambia mikono ya Anaklet bado inaning'inia, lakini kidole gumba cha kushoto kilitikisika juzi.

"Alikuuliza nini, mwana wako, ulipoileta rejeta?"

"Kama lehemu itaharibu pombe."

"Ukajibu?"

"Nikajibu swali la mtihani."

Alicheka kidogo, puani. Hakusema atarudi. Nami sikumsihi. Jua lilikuwa kali, nami nilikuwa nimetembea tangu asubuhi, na nadhani aliiona kiu yangu kabla ya mengine.

Akachota juisi. Akainua kikombe, akanywa, akaniacha nione koo lake likimeza, mara moja, mara ya pili. Akafuta mdomo wa kikombe kwa kiganja, akaninyooshea.

"Utakunywa, Mwalimu, au utatafuta nyuma ya nyumba?"

Nikapokea kwa mikono miwili. Nikanywa mpaka chini, nikamrudishia kikombe kikiwa kimeinamishwa, aone kwamba hakuna kilichobaki.